Shule za Ujerumani na za Ufini: Mtoto Atenganishwe Lini na Wenzake?



Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wetu alifika barazani petu, amemshika mkono mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 13. Jina la kijana huyo halikuonekana katika orodha ya waliofaulu mtihani wa darasa la saba. Babaye alikuwa amekwisha kukata shauri: kijana aache masomo, achunge mbuzi, maana fedha ya kumtafutia shule nyingine ni fedha ya kutupa mtoni. Yule mama akatuuliza, "Mwalimu, hivi mtoto wa umri huu aweza kujulikana kwamba ni mjinga mpaka kufa kwake?" Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia, "Mama, tupe siku chache tufikiri," naye akaenda zake.

Basi tulipofikiri tuliona ya kuwa swali lake si la kijiji chetu peke yake. Mataifa ya Ulaya yamelibishania swali hilohilo kwa miaka mingi, wala hayajapatana hata leo. Kwa hiyo tumechagua nchi mbili, Ujerumani na Ufini, tutazame kila moja inavyowafanyia watoto wake. Twajua wengine watasema, "Ulaya ni mbali, yatufaa nini?" Lakini neno lenyewe la shule, tunalolitamka kila asubuhi, twalipata kwa Wajerumani siku walipotawala Tanganyika. Aliyekopa neno si vibaya akauliza na habari za mwenye neno.

Kwanza zijueni nchi zenyewe. Ujerumani ni nchi kubwa yenye watu yapata milioni 83, nayo imegawanyika katika majimbo 16. Shule si kazi ya serikali kuu bali ya majimbo, na kila jimbo lina waziri wake wa elimu na taratibu zake. Ufini iko kaskazini kabisa, kati ya Uswidi na Urusi. Watu wake hawafiki milioni 6, na huko kaskazini mwa nchi yao, wakati wa baridi, jua halichomozi kwa majuma kadhaa. Hata hivyo watoto huenda shuleni gizani, juu ya theluji.

Nchi hizi mbili zina undugu wa zamani katika kusoma. Mwaka 1536 kijana mmoja wa Ufini, jina lake Mikael Agricola, alikwenda Wittenberg katika nchi ya Wajerumani, akafundishwa na Martin Luther na Philipp Melanchthon. Akarudi kwao mwaka 1539. Mwaka 1543 alipiga chapa kitabu cha kwanza cha alifabeti kwa Kifini, na mwaka 1548 Agano Jipya. Wakati huo Ufini ilikuwa chini ya Uswidi, na sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliagiza watoto wafundishwe kusoma, na asiyejua katekisimu asikubaliwe kuoa wala kuolewa. Ninyi vijana mnaolalamika kwamba mafundisho ya ndoa ni marefu, yatieni moyoni haya.

Upande wa Wajerumani, mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia alitoa amri mwaka 1717 kwamba wazazi wawapeleke watoto wao shuleni, na mwanawe, Friedrich wa Pili, akatoa amri iliyo kamili zaidi mwaka 1763. Lakini amri ni kitu kimoja, na dawati ni kitu kingine. Ilichukua muda mrefu shule kufika vijijini. Huko Ufini kasisi mmoja, Uno Cygnaeus, alitumwa mwaka 1858 kuzizunguka nchi za Ulaya kutazama shule zao, na Ujerumani ilikuwa mojawapo. Aliporudi alianzisha chuo cha kwanza cha walimu mjini Jyväskylä mwaka 1863, na mwaka 1866 ikatoka sheria ya shule za watu wote. Yeye alishika sana neno hili, kwamba kazi za mikono zifundishwe shuleni kama kusoma na kuhesabu. Mwaka 1921 Ufini ikafanya elimu kuwa lazima kwa kila mtoto.

Sasa tumfuate mtoto wa Ujerumani katika safari yake. Akiwa na miaka 6 huingia shule ya msingi, naye siku ya kwanza huenda amekumbatia pembe kubwa ya karatasi iliyojaa peremende na vikorokoro vya shule, ili aanze masomo kwa furaha. Tangu sheria ya mwaka 1920 watoto wote, wa tajiri na wa maskini, huketi pamoja kwa miaka 4. Katika majimbo ya Berlin na Brandenburg ni miaka 6. Alama zao ni kuanzia 1 mpaka 6, wala msistaajabu, 1 ndiyo bora na 6 ndiyo mbaya. Asiyefaulu aweza kurudia darasa.

Hata mtoto afikishapo miaka 10 hivi, mwalimu hutazama alama zake na mwenendo wake, akatoa shauri juu ya njia atakayoshika. Katika majimbo mengine mzazi ndiye mwenye neno la mwisho. Katika mengine alama zina nguvu kuliko mzazi. Tangu zamani njia zilikuwa tatu. Shule iitwayo Gymnasium huchukua watoto wenye alama nzuri, ikawafikisha kwenye mtihani mkuu uitwao Abitur, ambao ni mlango wa chuo kikuu. Realschule huishia darasa la 10, na Hauptschule darasa la 9 au la 10. Siku hizi majimbo mengi yameunganisha hizi mbili za mwisho, tena ziko shule nyingine zinazowaweka watoto wa kila namna pamoja. Lakini Gymnasium ingali imesimama, na utengano wa watoto wa miaka 10 ungaliko.

Hata hivyo tusiwahukumu Wajerumani upesi, kwa maana wanalo jambo moja ambalo mataifa mengi huwaonea wivu. Mtoto asiyekwenda chuo kikuu hatupwi njiani. Huandikiana mkataba na fundi, au na kiwanda, au na benki, au na duka, akawa mwanagenzi. Kwa juma moja hufanya kazi siku 3 au 4, na siku zilizobaki huketi katika shule ya ufundi. Hulipwa posho tangu mwezi wa kwanza. Kazi za namna hii zapita 300, kuanzia uokaji wa mikate mpaka utengenezaji wa mitambo, na kila moja ina mafundisho yaliyoandikwa, yaliyo sawa nchi nzima. Baada ya miaka 2 hadi 3 na nusu hutahiniwa mbele ya chama cha wenye kazi ile, si mbele ya bwana wake peke yake. Mambo haya yaliwekwa katika sheria ya mwaka 1969. Atakaye kuendelea husoma tena akawa fundi mkuu, na tangu mwaka 2009 majimbo yote yalikubaliana kwamba fundi mkuu aweza kuingia chuo kikuu hata kama hakufanya Abitur.

Sasa twende Ufini. Huko nako, mpaka miaka ya 1970, watoto walikuwa wakitenganishwa wakiwa na miaka 11 hivi, wengine wakienda shule za juu zilizotoza ada, wengine wakibaki katika shule za watu wote. Wafini wakasema, nchi yetu ni ndogo, hatuwezi kupoteza hata mtoto mmoja. Mwaka 1968 bunge lao likapitisha sheria ya shule moja kwa watoto wote. Hawakuianzisha mji mkuu kwanza, bali mwaka 1972 walianzia kaskazini, katika nchi ya baridi na umaskini, wakashuka kusini kidogo kidogo hata mwaka 1977 wakafika Helsinki. Mambo hayo hayakupita bila ugomvi. Wako waliosema watoto wenye akili watarudishwa nyuma na wazito. Kwa kuwaridhisha hao, katika madarasa ya juu watoto waligawanywa kwa makundi katika hesabu na lugha za kigeni. Lakini mwaka 1985 hata hayo makundi yaliondolewa.

Hivyo mtoto wa Ufini huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, baada ya mwaka mmoja wa matayarisho, akakaa na wenzake miaka 9 bila kutenganishwa, mpaka afike miaka 16. Vitabu ni bure. Chakula cha mchana ni bure kwa kila mtoto, tangu mwaka 1948, na Ufini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa watoto wote. Akaaye mbali kupita kilometa 5 husafirishwa. Mwalimu wa darasa la kwanza hana budi kusoma chuo kikuu mpaka shahada ya pili, na sheria hiyo ni ya tangu mwaka 1979. Wakaguzi wa shule waliondolewa miaka ya 1990, kwa kuwa taifa liliona mwalimu aliyefundishwa hivyo aaminiwe. Tena hakuna mtihani mmoja wa nchi nzima unaowachuja watoto katika miaka hiyo 9. Mtoto akianza kulegea katika kusoma au kuhesabu, mwalimu wa msaada huja kuketi naye mapema, mambo yangali madogo. Baada ya hapo, akiwa na miaka 16, huchagua njia: shule ya juu iendayo kwenye mtihani wa mwisho, au chuo cha ufundi. Wengi sana huchagua ufundi, wala si aibu. Tangu mwaka 2021 ni lazima wote wasome mpaka miaka 18.

Je, matunda yake ni nini? Mwaka 2000 shirika la OECD lilianza kuwapima vijana wa miaka 15 wa nchi nyingi kwa mtihani mmoja, uitwao PISA. Matokeo yalipotangazwa Desemba 2001, Wafini walikuwa wa kwanza katika kusoma kwa alama 546. Wajerumani walipata 484, chini ya wastani. Lililowaumiza zaidi Wajerumani si alama tu. Ilionekana kwamba kwao mtoto wa maskini alikuwa nyuma ya mtoto wa mwenye mali kwa umbali mkubwa kuliko ilivyokuwa karibu nchi zote zilizopimwa. Nchi nzima ikashtuka, magazeti yakaandika miezi mingi. Wakarekebisha mambo kadhaa, wakaongeza shule zinazowaangalia watoto mpaka alasiri, na alama zao za hesabu zikapanda mpaka 514 mwaka 2012.

Lakini kuhusu utengano wenyewe, hawakupatana. Mji wa Hamburg ulitaka watoto wakae pamoja miaka 6 badala ya 4, nao watu wakapiga kura juu ya jambo hilo mwezi wa Julai 2010. Watu wakakataa. Wazazi wengi waliogopa kwamba watoto wao wenye alama nzuri wangecheleweshwa. Sisi hatuwacheki wazazi hao. Nani kwetu asiyeogopa hivyo juu ya mwanawe?

Wala msidhani Ufini ni peponi. Mwaka 2006 walipata alama 548 za hesabu. Mwaka 2022 walipata 484. Wajerumani nao waliteremka mwaka huo huo mpaka 475. Tena wavulana wa Ufini wako nyuma sana ya wasichana katika kusoma, na katika nchi zote mbili watoto wa wahamiaji bado hawajafikia wenzao. Basi aliye juu jana yupo katikati leo, nasi hatukuandika haya ili mtu yeyote aabudu nchi ya mtu.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama. Wote mliopanda kahawa mwajua kazi ya kitalu. Iko miche inayochomoza mapema, na iko inayokawia. Mkulima mwenye haraka hung'oa ile mifupi juma la kwanza akaitupa. Mkulima mzoefu hungoja, akatazama kivuli na maji, maana mara nyingi mche umekawia kwa sababu ya mahali ulipowekwa, si kwa sababu ya mbegu. Mtoto wa miaka 10, hata wa miaka 13, yungali kitaluni. Hili ndilo tulilojifunza kwa Wafini: msaada uje mapema, na hukumu ije baadaye.

Na kwa Wajerumani tumejifunza la pili: kwamba kazi ya mikono isiwe shimo la kutupia walioshindwa. Kwetu mtu akimpeleka mwanawe kwa fundi husema, "Huyu shule imemkataa." Mtoto husikia neno hilo, akaenda kwa fundi ameinamisha kichwa. Tena akifika huko hufagia na kuchota maji miaka miwili bila kushika chombo, maana hakuna mapatano yaliyoandikwa. Mwanagenzi wa Ujerumani anayo karatasi yenye kusema atafundishwa nini, mwaka gani, kwa posho gani. Karatasi hiyo haihitaji serikali kubwa. Sisi wenyewe twaweza kuiandika katika daftari la shule, mbele ya mashahidi wawili.

Hapa hatuna budi kuungama jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita, majina ya waliofaulu yalipofika, sisi tulisimama mbele ya watu tukawaita mmoja mmoja wainuke, wapigiwe makofi. Tulidhani twatenda mema. Hatukuwatazama waliobaki wameketi. Mwaka jana fundi mmoja kijana alikuja kuezeka upya nyumba yetu baada ya upepo kung'oa mabati. Alifanya kazi safi, akakataa kupokea zaidi ya mapatano. Alipokuwa akikusanya vyombo vyake alisema, bila hasira yoyote, "Mwalimu, siku ile mimi sikuinuka." Hatukuwa na neno la kumjibu. Mvua ilipokuja tulilala pakavu, lakini usingizi haukuja upesi.

Basi tulikwenda kwa baba wa yule kijana. Tulimwambia, "Ndugu yetu, hatukuja kukuamulia nyumba yako. Tumekuja kukuomba mwaka mmoja." Akasema, "Mwalimu, fedha sina." Tukamjibu kwamba twajua. Ndipo tukamgeukia kijana, tukamwuliza yeye mwenyewe anapenda nini, na mama yake akashika mdomo, kwa kuwa tangu orodha itoke hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba anapenda kufungua baiskeli na kuzifunga. Sasa yupo kwa fundi baiskeli sokoni siku nne kwa juma, kwa mapatano yaliyoandikwa katika daftari, na siku mbili jioni huja kwetu kusoma hesabu na Kiingereza, ili mlango wa shule usifungwe kabisa. Baba bado anasema mbuzi wake wanateseka. Mama bado angependa kumwona katika sare ya sekondari. Sisi nasi tunangoja.

Wapenzi wasomaji, orodha za mwaka huu zitakapotoka, tunawaomba jambo moja jepesi. Kabla hamjauliza nani amefaulu, mwiteni yule ambaye jina lake halikuonekana, mpeni mahali pa kuketi karibu nanyi mezani, ale kama siku zote. Kesho yake mwulizeni anapenda kazi gani, nanyi mnyamaze mpaka amalize kusema.

Na wewe mama uliyetuuliza, jibu letu limekawia, nalo ni hili: la, haiwezi kujulikana.

Wasalaam.